Kurasa Zisizo na Neno Shule

Nilikuwa nimeshatandaza karatasi kwenye madawati matano na kuziwekea mawe, yamebaki matatu, mwalimu mkuu alipochungulia dirishani kuniambia kwamba fundi rangi ameshafika getini na anakoroga rangi. Alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari ya mgonjwa. Akaongeza kuwa mistari miwili ya kwanza haina ubishi, ila wa tatu fundi ataufikia kabla ya saa sita. Nikamwambia nimeelewa, nikaendelea na mawe yangu. Madirisha ya darasa letu hayana vioo, na upepo wa asubuhi haujali kama karatasi ni ya juzi au ya miaka hamsini iliyopita.

Kesi ilikuwa kwenye mstari wa tatu. Shule ilikaribia kutimiza miaka hamsini, na kamati ya wazazi ikataka historia yake iandikwe ukutani, karibu na geti, kwa herufi za kusomeka toka barabarani. Mwalimu mkuu akatunga mistari sita. Wa kwanza ulitaja jina la shule. Wa pili ulisema ilianzia kwenye karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara, kabla ya madarasa kujengwa. Wa tatu ulimtaja mwalimu wa kwanza, bwana mmoja aliyetumwa na ofisi ya elimu, ambaye jina lake limo kwenye barua ya usajili.

Sasa, mkabala na geti letu kuna mama mshonaji. Sare za wanafunzi wetu, karibu zote, zimepita mikononi mwake, na sote tunamwita Mama Cherehani. Kwa miaka yote amesema kwamba kabla ya bwana huyo kuletwa, aliyefundisha watoto mle karakanani ni yeye, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, bila barua wala cheo. Mtaani hakuna aliyembishia usoni. Walimpa jina tu, Mwalimu wa Mbao, wakimaanisha kwamba labda alizifundisha mbao, maana hao watoto walishahama mtaa zamani, na hakuna aliyewaona wakifundishwa.

Na Mama Cherehani ndiye aliyemzaa mke wa mwalimu mkuu.

"Nikimwandika, watasema nimempa mama mkwe ukuta wa umma," mwalimu mkuu aliniambia wiki iliyotangulia, tukiwa peke yetu ofisini. "Nisipomwandika, chakula nitakula wapi? Wewe una lile darasa lako la maswali. Wape hiyo kazi. Watakachothibitisha watoto, mimi nitasaini."

Sikumwona mwoga. Mtu aliyebanwa kati ya ukuta na mkwewe ana haki ya kutafuta upenyo.

Hilo darasa la maswali ni la sita, somo la maarifa ya jamii, watoto arobaini na wanane. Njia ninayoitumia sikuipata chuoni. Niliiokota kidogo kidogo, kwenye vitabu vilivyochakaa na kwa kukosea mbele ya watoto. Kitabu cha kiada humpa mtoto jibu lililokwisha kutafunwa. Mimi huwaletea kitu chenyewe: barua, picha, risiti ya safari, mtu aliyekuwepo, halafu nakaa pembeni wakihoji. Ukutani nimebandika kipande cha boksi chenye maneno yangu ya mkono. Nani kasema? Alikuwepo? Alitaka nini? Nini hakusema? Wanafunzi wananiita Mwalimu Nani Kasema, wanadhani sijui.

Jumatatu tulikuwa tumemhoji Mama Cherehani mwenyewe. Alikuja amevaa gauni la kwenda harusini, akaketi kwenye kiti changu, akajibu kila kitu kwa utulivu. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kikiegemea karakana. Watoto wa mtaa walikuwa wakizurura tu, shule ya karibu ikiwa ng'ambo ya mto, naye alikuwa amemaliza masomo na hana la kufanya. Akawakusanya. Walikuwa tisa. Halafu akasimama msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye wenzake humwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi, akauliza, "Bibi, tutajuaje kama hutudanganyi?"

Nilitaka kumkalisha. Mama Cherehani akaninyooshea kiganja nimwache.

"Mjukuu wangu," alisema, "karibu miaka hamsini hakuna aliyeniuliza hivyo. Wanaonipenda hunikubalia, wasionipenda hunicheka. Wewe niulize mpaka uchoke."

Wakati wa kutoka alisimama nami kidogo mlangoni. Akanieleza kwamba maneno ya mtaani ameyazoea, maneno huja na kupita. Ukuta ndio unaomsumbua. "Rangi ile ikishakauka na jina la mwingine, mimi ndiye nitakuwa mwongo kwa kila anayepita. Na duka langu linatazamana nayo."

Basi asubuhi ile ya Jumatano tulikuwa na muda wa saa tatu tu. Kila kundi lilipata nakala tatu: barua ya usajili, picha ya zamani ya wanafunzi, na kurasa mbili za daftari la yule seremala wa zamani, mwenye karakana, alimokuwa akiandika vipimo vya kazi zake. Daftari lenyewe lilikuwa kwa mwanawe, ambaye ndiye seremala wa sasa. Jioni mbili nilikaa karakanani nikilipitia ukurasa kwa ukurasa, nikatoa nakala ya kurasa zinazotuhusu.

Tukacheza mchezo wetu wa mahakama. Katika mchezo huo mtoto haigizi mtu, anaigiza karatasi. Anasimama mbele na kujibu kile tu kilichoandikwa juu yake, na akiongeza chumvi, darasa zima linapiga madawati.

Barua aliigiza mvulana mnene mtaratibu tunayemwita Pole Pole. Alisimama mikono nyuma kama ofisa. Wakili akamwuliza aliandikwa wapi. Akajibu, ofisini. Alishawahi kufika kwenye karakana? Hajawahi. Sasa alijuaje nani alikuwa anafundisha humo?

Pole Pole akajitazama tumboni, kana kwamba maandishi yako hapo. "Mimi sikusema nani alikuwa anafundisha. Nimesema nani ametumwa."

Darasa likaguna. Nami niliguna kimoyomoyo, maana barua ile nilikuwa nimeisoma mara ishirini na hilo sikulitilia maanani. Ilisema bwana fulani anatumwa kuanzia mwezi wa tisa. Juu ya mwezi wa nane haikutamka neno.

Picha ilikuja. Iliigizwa na msichana mwenye mwanya, ambaye alisimama kwa kutabasamu bila kupepesa mpaka wenzake wakacheka. Alisema anaona mwalimu mwanamume, watoto ishirini na wawili na ubao mweusi. Wakamwuliza ubao umetoka wapi. Akasema yeye ni picha, hana masikio, kila anachojua ni kile kilichosimama mbele yake siku ile. Wakampigia makofi.

Zikafuata kurasa za daftari. Mwigizaji wake alikuwa msichana mdogo kuliko wote, mwenye sauti ya kuku aliyelowa, lakini jibu lake ndilo lililopindua siku.

"Unajua nini juu ya mwalimu wa kwanza?" Wakili alimwuliza.

"Sijui kitu. Mimi ni kurasa mbili. Ya kwanza inasema madawati sita ya shule. Ya pili inasema rafu ya shule."

"Daftari zima lina kurasa mbili?"

"Lina nyingi. Nyingine zimeachwa karakanani."

"Nani kaziacha?"

Yule mdogo akasita, akanitupia jicho, kisha akatii sheria ya mchezo. "Mwalimu."

Wakili akanigeukia. Aliomba, kwa adabu zote, kwamba na mimi nisimame kizimbani. Nikaweka chaki chini, nikaenda kusimama mahali aliposimama Pole Pole. Hawajawahi kufurahi vile tangu mwaka uanze.

Akaniuliza nilizichaguaje. Nikajibu kweli: nilipitia daftari lote, na kila nilipokuta neno shule niliweka alama, na zenye alama ndizo nilizotolea nakala. Niliona ni njia safi. Mimi ni mtu wa utaratibu, na nilikuwa nimeupenda utaratibu wangu.

"Lakini mwalimu," alisema Wakili, na safari hii hakuwa anabisha, alikuwa anafikiri, "kabla haijawa shule, yule babu angeandikaje shule?"

Nilisikia brashi ya fundi rangi ikigongwa kwenye mdomo wa kopo kule getini. Jioni mbili nilikuwa nimefukuzana na neno ambalo, kwa miezi ile tuliyoitafuta, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuliandika. Niliwaambia watoto kwamba nimekosea, na nimekosea wapi. Kisha nikavuka barabara.

Seremala wa sasa ni mtu wa miaka hamsini na kitu, kimya, nyusi zake siku zote zina unga wa mbao. Nilimweleza. Alifuta mikono, akalitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, lakini nilipolinyooshea mkono akalirudisha kifuani. Daftari la marehemu baba halitembei peke yake, alisema, linatembea naye. Akafunga karakana katikati ya saa za kazi, akavuka nami akiwa amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Tulimketisha mezani kwangu. Makundi yakaja kwa zamu, mikono imeoshwa na kukaushwa, kila kundi likisoma kurasa zake kwa sauti huku yeye akizifungua. Kitanda futi tano kwa sita. Fremu ya dirisha, mbao zije kavu. Kabati la mwenye duka, miguu ipunguzwe nusu inchi, sakafu yake mbovu. Kundi la Wakili lilipekua kurasa nane kwa pupa, halikupata kitu, likarudi kukaa limenuna. Likaja kundi la Pole Pole. Yeye husoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na mwandiko wa yule mzee ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa, kwa hiyo wenzake walikuwa wameshaanza kumhimiza.

"Mwezi wa pili," alisoma. "Ubao mweusi, futi nne kwa tatu, wa binti wa fundi baiskeli. Hauondoki. Unabaki humu ndani."

Hakuna aliyemhimiza tena. Mwezi wa pili. Barua ilimtuma yule bwana kuanzia mwezi wa tisa wa mwaka uleule. Nilimwomba seremala afungue ukurasa unaofuata.

"Mlango wa bwana posta usitolewe kabla ya saa sita," alisoma Pole Pole, kidole kikitambaa. "Watoto kumi na mmoja wanaukalia. Binti akimaliza nao, upigwe msasa tena."

Kilichofuata sikuweza kukizuia na sikujaribu. Walicheka, wakapiga madawati, wakaigiza kukaa juu ya mlango na kunyanyuliwa na mwenye mlango. Mawe yangu yalianguka na karatasi zikaruka, hakuna aliyejali. Seremala alivua kofia. Aliniambia kwamba maandishi hayo anayajua tangu utoto, ila siku zote alidhani baba alikuwa analalamikia watoto wa jirani waliokuja kucheza.

Mimi nilikuwa tayari kwenda kumwita mwalimu mkuu. Wakili akasema bado. Fundi baiskeli alikuwa na binti, sawa, lakini kama alikuwa na mabinti wengi? Nikaona ana haki. Tukatuma wawili wakamwite Mama Cherehani, kwa masharti kwamba wasimwambie chochote njiani. Walivuka barabara wameziba midomo kwa mikono yote miwili.

Alikuja na futi ya kupimia nguo shingoni na pini mbili zimechomekwa begani, akidhani kuna mtoto kachanika sare. Watoto wakamwamkia, akaitika, na Wakili hakupoteza muda. Alimwuliza fundi baiskeli alikuwa na mabinti wangapi.

"Watatu."

Darasa likaugua.

"Mbona mnaugua? Mkubwa alikuwa ameshaolewa, yuko mbali. Mdogo alikuwa na miaka sita, huyo alikuwa mwanafunzi wangu, tena mtoro namba moja. Wa kati ndiye huyu mnayemchosha."

"Bibi, hilo la dada mkubwa ni neno lako peke yako," alisema Wakili. "Kuna mwingine anayelijua?"

Seremala akakohoa. Alisema dada huyo aliolewa na mjomba wake yeye, mwaka uleule aliozaliwa yeye seremala, na wakati daftari hili linaandikwa, yeye alikuwa na miaka mitatu. Watoto wakapiga hesabu vidoleni, wengine kwa sauti. Hesabu ikakubali. Wakili akatazama lile boksi ukutani, akasoma maswali yote kimya kimya, midomo ikicheza, kisha akasema yeye hana swali zaidi.

Wakamsomea. Pole Pole alisoma tena yote, kwa mwendo wake. Mama Cherehani alisikiliza ameshika ncha za futi. Iliposomwa sehemu ya msasa, aliomba daftari alione mwenyewe, na seremala, ambaye hakumpa mtu yeyote, alimpa.

"Alinung'unika yule mzee," alisema taratibu. "Kila siku. Makalio ya watoto wako yananimalizia msasa." Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa, akainama tena kwenye ukurasa, na uso ukabadilika. "Ila hapa amekosea. Hawakuwa kumi na mmoja. Walikuwa tisa."

Ubishi ukaanza upya. Watoto walimwambia kwamba babu aliandika siku hiyohiyo, na yeye anakumbuka baada ya miaka karibu hamsini, kwa hiyo nani wa kuaminiwa? Akawajibu kwamba yeye aliwaita majina kila asubuhi, na yule seremala mzee alikuwa ana kawaida ya kuhesabu hata waliokuja kuchungulia. Wakamwambia ayataje majina. Akataja saba bila kupumua, wa nane akamkumbuka kwa jina la utani, wa tisa akakwama, akawa anapiga paji la uso kwa kidole. Sijamwona mtu akifurahi hivyo kwa kushindwa kukumbuka.

Mwalimu mkuu alisikia kelele akaja. Alipomkuta mama mkwe katikati ya darasa alisimama mlangoni, akamwamkia kwa mara ya pili siku ile, akatazama viatu vyake. Nikampa daftari. Alisoma kurasa zote mbili amesimama, akauliza nani amelipata hili, wakamwonyesha Pole Pole. Akauliza kama kuna aliyebisha. Wakamwonyesha Wakili. Akauliza kama ameridhika.

"Jina nimeridhika," alisema Wakili. "Idadi bado."

Tulipofika getini fundi rangi alikuwa ameketi juu ya ndoo, miguu ameinyoosha. Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa maneno matatu, Mwalimu wa kwanza, na baada ya hapo uzi wa chaki tu. Alisema ameambiwa asubiri, amesubiri, na kama mwalimu wa kwanza hajulikani yeye anaweza kuandika jina lake, kwani naye amewahi kuwafundisha wengi kupaka rangi. Mwalimu mkuu akamwambia jina atapewa na watoto.

Waliyataja kwa pamoja majina yote matatu, la kwake, la baba na la babu, kisha wakapunguza mwendo ili brashi ifuatane nao: binti wa fundi baiskeli. Kuhusu bwana aliyetumwa na ofisi ya elimu kulikuwa na waliotaka afutwe kabisa. Nikawauliza kosa lake ni nini. Wakatafuta, hawakulipata. Alitumwa, akaja, akakuta watoto wameshajua kusoma. Akapewa mstari wa nne.

Mama Cherehani alikuwa amesimama kando ya seremala, hasogei karibu. Mwalimu mkuu ndiye aliyekwenda kumletea kiti kutoka ofisini, akakiweka uso kwa ukuta, akasema, "Kaa, mama, uangalie kama herufi zimenyooka." Akakaa. Zilikuwa zimenyooka, lakini alipata mbili za kukosoa.

Mstari wa tano darasa lilitaka utaje watoto waliosomea juu ya mlango; fundi alipofika kwenye idadi yao, alishusha brashi akatugeukia. Tisa, alisema mmoja. Kumi na mmoja, wakasema thelathini. Nikamwomba aache nafasi ya kutosha neno lolote kati ya hayo, aendelee mbele. Akatikisa kichwa. Alisema miaka ishirini ya kazi hajawahi kulipishwa kuandika shimo, ila akapima kwa shubiri, akaliacha.

Tulirudi darasani na dakika kumi zimebaki. Seremala alikuwa ametukumbusha kwamba mwenye mlango, yule bwana posta, bado yu hai. Ni mzee mno, amestaafu zamani, anaishi na binti yake nyuma ya zahanati, na mtu aliyecheleweshewa mlango wake hawezi kuwasahau waliomchelewesha. Kesho saa tatu tungekwenda kumhoji. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni maswali waliyoyatunga. La kwanza, mlango wako ulichelewa siku ngapi? La pili, ulikuta watoto wangapi juu yake? La tatu lilikuwa la Pole Pole: ulipoupachika nyumbani, ulikuwa na mikwaruzo?

Mama Cherehani alichungulia dirishani, pini zake bado begani. Alisema kesho atafunga duka asubuhi, afuatane nasi, maana mzee wa posta kichwa chake sasa kinahitaji kukumbushwa.

Wakili alisimama. "Samahani, bibi. Shahidi haendi kumkumbusha shahidi."

"Mwalimu," Mama Cherehani aliniuliza mimi, "huyu ni mtoto wa nani?"

Nikasema simjui. Darasa likacheka, naye akacheka, akiondoka huku anahesabu vidoleni, jina kwa jina, akikwama palepale. Kengele ikalia nikiwa nimeandika namba nne na nukta yake, mbele hakuna kitu. Nikawaambia wauache ubao bila kuufuta, na kila mmoja aje na swali lake asubuhi.